Baba Alivyofaulu kwa Daktari wa Fidia

Katika nyumba yetu ya Gongoni mkono wa kushoto ulikuwa kama mtoto wa nje: upo, unaonekana, ila hautajwi mbele ya wageni. Ulikuwa na kazi zake za uani, na huko ndiko ulikotakiwa kukaa. Ole wako umpe mtu kitu kwa mkono huo, au upokee. Bibi, yaani mama yake baba, alikuwa na ufito wa mkwaju aliouweka chini ya mkeka wake, na hakuwa mchoyo nao. Mpaka leo muuza duka akinirudishia chenji kwa kushoto damu inanichemka, nami simnyamazii. Vijana wananiita bibi mkorofi, na hawajakosea sana.

Anayedhani adabu hizo zilikuwa za dini peke yake, hakumjua bibi. Mji wetu ulikua kwa nyayo za wapagazi, na ukoo wetu uliingia Tabora na misafara yao. Babu wa babu yangu alitoka Manyema. Kama alifika amebeba pembe kwa ujira wake au amefungwa kamba shingoni, hakuna aliyewahi kutuambia, na sisi tulijifunza mapema kutouliza. Lakini mitaa ya Tabora haisahau. Wanawake wakigombana bombani, ugomvi ukinoga, lazima atokee mmoja wa kukumbusha nani alikuja na nani, na alinunuliwa kwa doti ngapi za nguo. Bibi hakuwa na jibu la maneno hayo. Jibu lake lilikuwa namna ya kuketi, namna ya kusalimia, kanga iliyopigwa pasi hata ya kwendea sokoni, na mkono wa kulia. "Muungwana haulizwi babu yake," alikuwa akituambia. "Anatazamwa anavyopokea."

Tena kulikuwa na suala la habari. Ukiulizwa habari, unajibu nzuri. Nyumba inaweza kuwa inaungua. Unajibu nzuri kwanza, ndipo uombe ndoo ya maji. Asubuhi ile bibi alipofiwa na mumewe, jirani alimwuliza habari za kuamka, naye bibi akajibu, "Njema, alhamdulillahi, ila mwenzangu hatunaye." Nilikuwa mdogo, na jibu lile nalikumbuka kuliko vilio vyote vya siku hiyo.

Baba alilelewa kwa ufito huohuo kabla yangu. Alikuwa mpasuaji mbao katika kiwanda kimoja upande wa Itetemia, ambako magogo ya mninga yaliletwa kwa lori kutoka porini na kulishwa kwenye msumeno wa mashine. Kiwanda kilikuwa cha tajiri mmoja. Baada ya Azimio la Arusha kikachukuliwa na serikali, na baba akarudi nyumbani siku hiyo amevimba kwa furaha, akatuambia kwamba sasa kiwanda ni chetu. Mama akamwuliza kama kuanzia kesho ataweza kuleta mabanzi ya kuni bila kuomba ruhusa. Baba akafikiri, akasema ruhusa bado itabidi kuomba.

"Basi hakijawa chetu," akasema mama, akaendelea kuchambua mchele.

Nilikuwa msichana mkubwa wakati huo, nimemaliza shule na kupata kazi ya kufundisha madarasa ya jioni ya watu wazima, nikiwashikisha chaki akina mama walionizidi umri. Ndiyo maana ajali ya baba naikumbuka barabara. Mnyororo uliokuwa umeshika gogo ulikatika, gogo likabingirika, na mkono wake wa kulia ukabanwa kati ya mti na chuma cha meza ya msumeno. Haukukatika. Ningeweza kusema tulimshukuru Mungu kwa hilo, na kweli tulishukuru, lakini ungekatika labda mambo yangekwenda vingine. Mkono uliokatika hauhitaji kuelezwa.

Hospitali walimfunga plasta kuanzia vidoleni mpaka juu ya kiwiko. Siku walipoifungua, mkono ulitoka umekonda, umepauka, lakini mzima wa kutazamwa: vidole vyote vipo, kucha zipo, kovu moja tu refu upande wa ndani. Kilichokuwa hakipo ni nguvu. Vidole vilikunjika nusu na kukomea hapo. Ukimpa kikombe, kilianguka. Bega lilikuwa linaunyanyua mkono, halafu katikati ya njia linachoka, na mkono unashuka wenyewe.

Mfanyakazi akiumia kazini alikuwa na haki yake. Afisa kazi, mwanamume mpole kutoka Nzega, alikuja kiwandani akawakusanya wafanyakazi na kuwaeleza kwa utaratibu, na baba akaturudishia maelezo hayo nyumbani neno kwa neno. Wakati wa matibabu analipwa sehemu ya mshahara. Akishapona kiasi cha kupona, anakwenda kwa daktari aliyeteuliwa, na daktari anapima amepoteza uwezo kiasi gani. Aliyepoteza kingi analipwa kingi, aliyepoteza kidogo analipwa kidogo, na aliyepona kabisa anarudi kazini.

Baba alikuwa ameshaipangia fidia hiyo kazi. Uani kwetu kulikuwa na nafasi ya vyumba viwili vya kupangisha, upande wa choo, na alikuwa ameshapima kwa kamba mahali pa milango. Viongozi walikuwa wamekatazwa kupangisha nyumba, lakini baba hakuwa kiongozi hata wa kuku. Wapangaji wawili wangetosha kutulisha bila yeye kushika msumeno tena. Na ilibidi watoshe, kwa sababu upepo ulikuwa umebadilika. Mjini hapakutakiwa mtu asiye na kazi. Balozi wetu wa nyumba kumi, aliyekuwa akija kunywa kahawa barazani, alianza kusema kama anazungumza na kikombe chake kwamba wanaume wenye nguvu wasio na ajira watapelekwa vijiji vya ujamaa kulima. Baba akiwa kilema mwenye fidia na vyumba vyake, angebaki kwenye nyumba aliyozaliwa. Baba akiwa mzima asiye na kazi, angeondoka. Sisi sote tulijua hivyo, hata wadogo zangu.

Sasa nieleze bibi alivyofanya, na niseme mapema kwamba alifanya kwa mapenzi.

Kwa bibi jambo la kutisha halikuwa maumivu ya mwanawe, wala mshahara. Lilikuwa kwamba mwanawe sasa angekula kwa kushoto. Angesalimia kwa kushoto, angepokea kwa kushoto mbele za watu, na bombani wangesema asili haifichiki. Kwa hiyo kila asubuhi aliukanda ule mkono kwa mafuta ya nyonyo ya uvuguvugu, akiusemesha kama mtoto mgonjwa. Wakati wa kula aliketi kuliani kwake, akafinyanga tonge la ugali, akalichovya, akalipachika katikati ya vile vidole vilivyokunjika nusu, na baba akainamisha kichwa kulifuata. Mgeni akiwepo, bibi alifanya hivyo kwa wepesi hata mgeni asing'amue.

Salamu ndiyo ilikuwa ngumu. Hapo bibi aligundua dawa ambayo mpaka leo sijui niicheke au niilie. Kwetu, na kwa Wanyamwezi na Wasukuma wa pande hizi pia, ukimpa mtu unayemheshimu mkono wa kulia unaushikilia kwa chini na wa kushoto, karibu na kiwiko. Ni heshima kubwa. Bibi akamfundisha baba kuubeba mkono wake mgonjwa kwa ule mzima, kwa sura ya heshima hiyohiyo. Wa kushoto unanyanyua, wa kulia unanyanyuliwa, mgongo unainama kidogo, uso unatabasamu. Vidole hana haja ya kuvibana, kwa sababu mwenye heshima habani mkono wa mwenziwe. Walifanya mazoezi ukumbini siku nyingi, mama na mwana, huyu akijifanya mgeni na huyu mwenyeji. Na baba akaweza! Mtaani wakaanza kumsifu kwamba tangu apate ajali amezidi kuwa mtu wa adabu. Hata watoto wadogo aliwasalimia kwa mikono miwili.

Mama yangu ndiye peke yake aliyenung'unika. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," aliniambia jikoni, akipuliza moto. Lakini hakuyasema ukumbini, kwa sababu ukumbi ulikuwa wa mama mkwe wake.

Siku ya daktari baba alivaa kanzu nyeupe na koti. Bibi alimwandama mpaka kizingitini, akamnyoosha kola, akamtazama kuanzia kofia mpaka viatu. "Mwanangu, unakwenda mbele za watu wa serikali," akamwambia. "Usitutie aibu."

"Sitawatia aibu, mama."

Mimi nilifuatana naye ili nimsomee kama kutakuwa na la kusoma. Njia nzima alikuwa anausugua mkono wake.

Daktari alikuwa mgeni kutoka Ulaya, kijana, mwenye uso mwekundu kwa jua letu, na Kiswahili cha kujifunzia darasani, kisafi, kisicho na mikunjo. Hakuwa mtu mbaya. Nimejaribu miaka mingi kumfanya mtu mbaya na nimeshindwa. Alisimama baba alipoingia, akazunguka meza, akanyoosha mkono.

Baba akafanya alivyofundishwa. Mkono wa kushoto ukanyanyua, wa kulia ukanyanyuliwa, mgongo ukainama. Daktari akaupokea kwa furaha, maana bila shaka alikuwa ameambiwa habari za heshima hiyo na sasa amekutana nayo.

"Habari, mzee?"

"Nzuri, daktari."

"Na mkono, habari gani?"

"Mkono nao mzuri, namshukuru Mungu."

Nilimtazama baba nikitegemea ile "ila" yake. Kwa kila Mswahili ipo: nzuri, ila. Mwulizaji huinamisha kichwa kidogo, husema ehee, na mwenye shida hapo ndipo anapoifungua shida yake. Lakini kijana yule hakujua kuwa alitakiwa kusubiri. Aliuliza, akajibiwa, akaandika.

Akamketisha, akamvua koti, akaupapasa mkono, akaukunja na kuukunjua. Akampa vidole vyake viwili, akamwambia avibane kwa nguvu zake zote. Basi baba, mtu aliyeambiwa na mwenyeji wake afanye kwa nguvu zote, akafanya. Alibana kwa bega, kwa shingo, kwa meno, mpaka vile vidole vikashika kwa muda mfupi. Jasho likamtoka kwenye paji la uso, na chini ya meza niliona miguu yake imekanyagana. Na muda wote huo alikuwa anatabasamu, kwa sababu hukunji uso mbele ya mtu aliyekupokea vizuri.

"Inauma?"

"Kidogo tu, daktari. Si neno."

Hapo nikashindwa. Nikasema, "Daktari, mkono huu haushiki kitu. Nyumbani hawezi kushika hata kikombe."

Daktari akageuka kunitazama, kisha akamtazama baba, amesimamisha kalamu. Alikuwa tayari kusikia. Naapa alikuwa tayari. "Ni kweli, mzee?"

Baba hakunitazama kwa hasira. Angenitazama kwa hasira ningeendelea, maana nami nina zangu. Alinitazama kwa haya, kama niliyemfunua nguo mbele ya watu. Kisha akacheka kidogo.

"Huyu binti yangu, daktari, anatia chumvi. Ananihurumia baba yake."

Daktari akacheka pia, akasema baba ana bahati kuwa na binti mwenye huruma. Akamfanyisha mambo mengine mawili matatu, na katika yote mkono wa kushoto uliusaidia wa kulia kwa adabu kubwa. Mwishoni akampigapiga begani na kumwambia, "Umefanya vizuri sana, mzee. Vizuri sana."

Tabora ni mji wa shule. Kila nyumba ina mtu aliyefaulu au aliyefeli, na maneno hayo tunayajua uzito wake. Baba alitoka pale kama mwanafunzi aliyeitwa mbele kusifiwa. Njia nzima alizungumza. Alinunua karanga za kukaanga, akanigawia. Tulipofika, bibi alikuwa barazani anasubiri, na kabla hajauliza baba akamwambia, "Mama, daktari amenisifu."

Bibi akapiga kigelegele. Mama akaniangalia mimi. Nikatikisa kichwa, naye akaingia jikoni.

Mnisamehe nikisema nilimchukia baba jioni ile. Haikudumu, lakini nilimchukia kwa furaha yake. Nilimwona kama mtu aliyepewa shoka ajipasulie kuni akajikata nalo mguu, halafu akamshukuru mwenye shoka.

Afisa kazi ndiye aliyetuita kutupa matokeo. Alisema kwa upole kwamba daktari ameona ulemavu uliobaki ni mdogo sana. Baba atalipwa kitu kidogo, mara moja, na anaweza kurudi kwenye msumeno. Pesa hiyo isingejenga hata ukuta mmoja wa vile vyumba. Afisa akamtazama alivyoketi, ule mkono umelazwa mapajani kama mzigo wa mtu mwingine, na nadhani hapo akaelewa, kwa kuwa naye alikuwa mtu wa huku.

"Mzee wangu," akasema, "daktari alipokuuliza habari za mkono, ulimwambia mzuri?"

"Aliniuliza habari, nikajibu."

Afisa akajishika kichwa. Kisha akatueleza kwamba mlango haujafungwa. Baba anaweza kupinga matokeo, akapimwa upya na daktari mwingine, mradi aombe mapema kabla muda wa sheria haujapita. "Lakini safari hii, mzee, nakuomba, habari iwe mbaya. Uache mkono uanguke. Akikuuliza unaumwa, sema naumwa."

"Niseme habari mbaya kwa mtu nisiyemjua?"

"Ndiyo, mzee. Kwa huyo hasa."

Ile ilikuwa bahati yetu, na haikuwa bahati ndogo. Tulirudi nyumbani tukakaa ukumbini wote. Mara hii mama alisema, tena alisema palepale ukumbini, mbele ya mama mkwe. Alimwomba mumewe aende. Alisema vyumba, alisema watoto, alisema balozi na vijiji. Nami nikasema. Baba akainua macho kumtazama mama yake, na sote tukajua kuwa jibu litatoka huko.

Bibi alikuwa ameshika tasbihi. "Kiungo cha mtu kinapimwa," akasema, "kisha kinatiwa bei. Huyu mkono wake kiasi hiki, yule mguu wake kiasi kile. Mmeyasikia wapi hayo kabla ya leo?"

Akavuta punje moja ya tasbihi.

"Mimi nimeyasikia. Nimeyasikia kwa bibi yangu, naye aliyaona. Watu walisimamishwa sokoni hapahapa Tabora, wakakunjwa mikono, wakaangaliwa meno. Mwanangu ameshasema ni mzima. Hatakwenda kujitangaza mbovu ili apandishwe bei."

Tulikuwa hatujawahi kusikia haya kutoka kinywani mwake. Maisha yote alikuwa ameuziba mlango ule kwa kanga na pasi, na siku ile aliufungua mwenyewe, kwa ajili tu ya kumzuia baba. Baba akashusha macho. Mama akaanza kulia, na akalia kwa sauti. Nilitaka kumwambia bibi kwamba safari hii mwenye kupimwa ndiye anayelipwa, na kwamba tofauti hiyo si ndogo. Nilimwambia hata hivyo, kesho yake, na kesho kutwa, kwa maneno mengi. Alinisikiliza kwa adabu. Baba hakwenda, na muda ukapita.

Alirudi kiwandani kama karatasi yao ilivyosema. Wenzake walimficha wakafika mahali wakashindwa, maana msumeno si kitu cha kushikia kwa hisani. Gogo lilipoponyoka mikononi mwake mara ya pili, akaaga mwenyewe kabla hajaua mtu. Baada ya hapo balozi hakuzungumza tena na kikombe. Alizungumza na baba, uso kwa uso, macho yake yakitazama pembeni. Mwanamume mzima, mwenye cheti cha daktari kuwa ni mzima, hana ajira. Wakaondoka na mabegi, masufuria na magodoro, baba, mama, bibi na wadogo zangu, kwenda kijiji kipya upande wa Igalula. Nyumba ya Gongoni tukaiachia ndugu. Mimi nilibaki mjini kwa sababu ya madarasa yangu.

Nilikuwa nikiwatembelea kwa treni, nabeba sukari na sabuni, kisha natembea kwa miguu kutoka stesheni. Sitaki kukisema vibaya kijiji kile. Kulikuwa na watu wema, wengi wao wakulima waliojua ardhi tangu utotoni, na waliwapa wazazi wangu mbegu na nafasi kwenye kisima. Lakini jembe ni la mikono miwili. Baba alikuwa akimwomba mama amfunge kiganja kwenye mpini kwa kipande cha kanga, kwa ndani, mahali ambapo mkono wa shati unafunika. Hivyo ndivyo alivyolima shamba la kijiji. Akifungua jioni, nyama ilikuwa imebanduka. Bibi ndiye aliyeipaka dawa. Ile kanga ilikuwa yake, na ndiye aliyeichana.

Nilikuwepo siku ya mkutano. Watu walikuwa wameketi chini mbele ya ghala, wanaume huku, wanawake huku, na mwenyekiti wa kijiji alikuwa anasoma maendeleo ya kila nyumba. Alipofika kwetu akasimama. Akasema kuna ndugu zetu wametoka mjini na uvivu wao. Akasema wanapalilia kama watu wanaokuna mgongo, na kijiji hakiwezi kulisha kupe. Watu wakacheka. Baba akasimama, akainama, mkono wa kushoto chini ya wa kulia.

"Samahani, ndugu mwenyekiti," akasema. "Nitajitahidi zaidi."

Bibi hakuwahi kusema mkutanoni maisha yake yote. Kwake mwanamke wa heshima hapaazi sauti mbele ya wanaume wasio wake. Nilimwona anashika bega la mama ili ainuke. Nilidhani anaumwa. Alikwenda moja kwa moja mpaka upande wa wanaume, akausukuma mkono wa kushoto wa baba pembeni, akaushika ule wa kulia, akaupandisha juu mpaka mkono wa shati ukashuka na ile kanga ikaonekana. Kisha akauachia.

Ukaanguka. Uligonga paja na kuning'inia pale.

"Mwanangu ni kilema," akasema bibi. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini kicheko kilikuwa kimekwisha. "Mkono huu ulikufa kazini. Si mvivu. Mimi ndiye niliyemfundisha kuuficha."

Baba hakuuficha. Aliuacha uning'inie, ametazama chini. Mwenyekiti akavua kofia. Alikuwa mtu wa haki baada ya yote, akaomba radhi mbele ya watu. Akasema mzee asipewe jembe tena. Atakaa pembeni ya mtama na kufukuza ndege kwa kugonga debe. Baba akasema ahsante. Watu wakasema pole, mmoja mmoja, na baba, kwa mara ya kwanza tangu gogo lile, akazipokea.

Nililia njia nzima kurudi kwenye kibanda chao, na haikuwa kwa huruma. Nililia kwa hasira. Mambo yaleyale, kuinua na kuachia, yasingechukua dakika moja mbele ya yule kijana wa Ulaya. Yangetupa vyumba viwili na nyumba yetu. Hapa yalitupatia debe.

Bibi alikuwa akitembea nyuma yangu, polepole. Tulipokaribia mlango akanishika kanga nisimame.

"Wale watu wa fidia," akaniuliza, "bado wapo pale mjini?"

"Wapo, bibi."

"Na yule wa Nzega?"

"Naye yupo. Lakini muda ulishapita."

Alikuwa na vumbi usoni, na kanga yake ilikuwa imepinda, hakuinyoosha.

"Hata nikienda mimi mwenyewe kuwaambia?"

"Hata ukienda wewe, bibi."